Fungu la Mlembe

Kwa Kasanda, nyuma ya mashine ya kusaga, pale Isevya,
nusu saa mia tano, na ukivunja pedi unalipa.
Nimekaa pale tangu enzi za kupanda juu ya kreti la soda
ndipo nione skrini,
kwa hiyo mkibishana gemu lipi lina mnyama bora
msinisemee. Nimecheza yote.

La kwanza lina mbwa.
Hana njaa, hana kupe, hana hata kivuli
(Kasanda anaapa kivuli kipo, televisheni ndiyo imechoka).
Unabonyeza pembetatu, anafukua dhahabu.
Unabonyeza tena, anafukua tena.
Akigongwa na nyoka anaanguka, unahesabu hadi kumi,
anainuka na mkia wake
kana kwamba kufa ni kupiga chafya.
Lugendo anampenda mno huyu mbwa.
Kwao Lugendo, mbwa hulala nje na mvua ikinyesha.

La pili ni la farasi, na hapa niacheni niseme polepole.
Farasi huyu anachoka. Anasita mbele ya daraja.
Ukimvusha mto kwa nguvu, siku mbili hakutaki:
unapiga mluzi, yeye anakula majani,
masikio kayageuzia kwingine.
Mimi farasi sijawahi kumwona, mjini kwetu tuna punda,
lakini nilijifunza kumpapasa shingo kwa dole gumba,
kubonyeza kwa upole, kama mtu anayejaribu embe kama limeiva.
Siku alipokuja mwenyewe, sijamwita,
niligeukia ukutani wasinione uso.
Nilimpa jina Behewa.
Alifia korongoni, saa moja jioni,
na gemu halikumrudisha. Lilinipa mwingine, mweupe,
mzuri kuliko yule.
Nikatoka nje kununua karanga.
Sikuzila.

La tatu lina ndege.
Anaruka mbele yako, anaita, anangoja tawini,
unamfuata hadi kwenye sanduku:
mikuki, ramani, sarafu.
Nilikuwa nalisifia hilo kwa sauti kubwa
dada yangu Limi alipotokea mlangoni
na ndoo ya asali, anatoka kuikosa bei sokoni.
Limi ana mizinga arobaini huko njia ya Sikonge;
mikono yake inanuka moshi hata siku ya harusi.
Akatazama kidogo.
"Huyo si mlembe? Sasa mnamlipa nini?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Kule porini akikuonyesha mti wenye nyuki
unamwachia sega juu ya jani, nta na majana yake.
Ukimdhulumu, safari ijayo anakupeleka kwa chatu.
Hapa hamna hata kitufe cha ahsante?"

Kasanda akaichukua pedi, akapekua:
silaha, mavazi, sauti, lugha.
Akapekua tena, tumbo la biashara likimuuma.
Hakuna.

Mbwa nampa sita, kwa sababu ya mkia.
Ndege nilikuwa nimempa tisa, nikafuta, nikaandika nne.
Farasi sikumpa namba.
Lugendo akasema huo ni uonevu,
na umeme ukakatika kabla sijamjibu.

Jumamosi nikaenda na Limi.
Saa tatu asubuhi kitu kidogo cha kijivu,
hakina hata urembo wa kuwekwa kwenye gemu,
kikaanza kutupigia kelele kutoka kwenye mninga,
kama kiberiti kinachotikiswa.
Kikaruka. Kikangoja. Kikatutukana tulipochelewa.
Nikashtuka kuona dole gumba langu
linabonyeza hewa.

Tulipomaliza na moshi, nikaumwa mara tano,
Limi akakata kipande, si kidogo,
akakiweka juu ya jani la mtundu.
Nilitaka kubaki nimwone akila.
Akanivuta shati.
"Twende. Hapendi kutazamwa."